Uji wa Nyuki

Pale Kyuso, ukitaka kujua kama mtu ni mgeni, mtajie asali ya Ndululu. Mwenyeji atameza mate kwanza ndipo akujibu. Asali hiyo ilikuwa imeozesha mabinti wengi kuliko pasta yeyote wa kaskazini ya Kitui, maana hakuna mzee aliyepeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua mlango wa posa, bila asali. Na ukitaka wakwe wasikukunjie uso, ulihakikisha asali imetoka kwenye mizinga yenye mistari miwili na duara. Alama hiyo Ndululu aliichoma kwa chuma cha moto kwenye kila mwatu, lile gogo lililotobolewa linaloning'inizwa juu ya mgunga. Kabla yake aliichoma babake, na kabla ya babake, babu. Ilikuwa alama ya ukoo. Kuku wa jirani anaweza kupotea na mambo yakaishia kwenye vicheko. Mzinga wenye alama ya watu hauguswi.

Ndululu mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa na mzee wa mdomo, na haikujulikana wazi ni cheo gani kilichotangulia. Alimtania kila mtu, na kwa kuwa maisha yalikuwa yamemtania yeye kwanza, tena bila huruma, watu walimvumilia.

Chuo kikuu kilipofunguliwa huko Kitui mjini, viwanja vilivyokuwa vya kulisha mbuzi viliota hosteli, na kando ya hosteli wakaota wauza chipsi. Wazazi walishangilia. Watoto wao wangesoma wakilala nyumbani, na madaktari wa vitabu wangekuwa majirani. Ndululu alipoulizwa chuo kimeleta nini, alijibu, "Chipsi."

Siku moja wanafunzi wa chuo hicho walikuja Kyuso kufundisha ufugaji wa nyuki. Ndululu alikaa nyuma kabisa, akangoja mmoja wao amalize kueleza jinsi ya kuvaa glavu, kisha akainua mkono.

"Kijana, umeshaumwa na nyuki wangapi tangu uzaliwe?"

"Watatu hivi, mzee."

"Basi wewe bado uko nasari. Kaa chini."

Watu walicheka, somo likavunjika, na Ndululu akarudi nyumbani ameridhika. Kwa hiyo hakuna aliyesikia kilichokuwa kifundishwe baada ya chai. Somo lile la baada ya chai lingehusu namna ya kuwatunza nyuki wakati wa njaa.

*

Kisha mvua ikakataa. Ikakataa tena msimu uliofuata, kama mkwe aliyeudhiwa. Migunga ilisimama mitupu. Nyuki hawana kitambulisho wala shamba la urithi, pakikauka, wanahama. Waliihama mizinga ya mfugaji mwenzake Nduku, wakaihama ya Mbaluka, na mizinga mingi ikabaki nyumba za mijusi.

Mizinga ya Ndululu iliendelea kuvuma.

"Umewafanyia nini?" Mbaluka alimuuliza sokoni. Mbaluka alikuwa jirani yake na rika lake, na mizinga yake yote ilikuwa imenyamaza.

"Nimewaombea."

"Hata mimi nimeomba."

"Wewe uliomba na mikono mfukoni, Mbaluka. Mungu anaangalia mikono."

Ukweli ni kwamba Ndululu alikuwa akiwapikia. Alimwona nyuki mmoja akizunguka kikombe cha chai cha mkewe Wayua, akatua ukingoni, akanywa, akaenda, akarudi na wenzake. Tangu siku hiyo alichemsha maji, akakoroga sukari, akayaacha yapoe, akayamimina kwenye sahani kuukuu alizozipanga chini ya migunga. Ndani ya sahani alitia kokoto ili mnywaji apate pa kusimama, asizame. Aliuita uji wa nyuki. Sukari aliinunua mbali, Mwingi, kwenye duka la Hassan, ili macho ya Kyuso yasihesabu mifuko. Hakumwambia mtu. Aliona jambo hilo ni huruma, tena ni akili, na nguo hizo mbili zote zilimkaa vizuri.

Aliyejua ni Wayua peke yake, kwa sababu ni chai yake iliyopoteza sukari. Jina lake ni la msichana aliyezaliwa wakati wa njaa, na alikuwa na desturi ya kukumbusha watu hivyo.

"Nilizaliwa na njaa, nikaolewa na njaa," alisema, "sasa nimenyimwa sukari kwa ajili ya wadudu."

"Mama Muindi, hao si wadudu. Hao ni wafanyakazi."

"Na mimi ni nini?"

Ndululu alibeba sufuria ya uji, akatoka kwenda kwenye migunga.

Mvua iliporudi, migunga ilichanua haraka haraka kama mtu aliyechelewa harusi. Ndululu aliendelea na uji wake hata hivyo, maana mgeni hafukuzwi mezani kwa sababu amenenepa. Wakati wa kurina ulipofika, wenzake walipata kidogo kutoka kwa makundi machache yaliyorudi. Yeye alijaza ndoo mpaka akaazima nyingine kwa Mbaluka. Kuazima ndoo kwa Mbaluka halikuwa jambo la busara.

*

Wafugaji wa Kyuso waliuza asali pamoja, kwenye pipa moja, kupitia kikundi kilichoongozwa na Nduku, mama ambaye hakucheka mpaka apewe sababu mbili. Mwaka huo mnunuzi wao wa Mukuyuni, kule Makueni, alikuwa ameweka sharti. Wateja wake walikuwa wameuziwa sharubati na watu wengine wakiambiwa ni asali. Sasa hanunui mpaka ipimwe. Nduku akachukua chupa ya kila mwanachama, akapanda nazo hadi chuo kikuu siku ile wanayofungulia wananchi maabara, akapimiwa bila malipo. Aliporudi aliita mkutano pale stoo.

"Ya wote ni safi," alisema. "Isipokuwa moja. Ina sukari ya dukani."

Watu walitazamana, kila mmoja akijiuliza atamtetea nani.

"Ni ya Mzee Ndululu."

Siku nyingine Ndululu angekuwa wa kwanza kusema, tena kwa utani. Mbaluka alimtangulia.

"Kumbe ndiyo maombi hayo! Sisi nyuki wetu wamehama, wewe unajaza ndoo, mpaka unaazima yangu. Ulikuwa unapika, mzee! Asali ya sufuria!"

"Wewe Mbaluka, chunga mdomo."

"Nichunge nini? Mchovya asali hachovyi mara moja. Ni miaka mingapi umetulisha sukari? Hata ntheo ya binti yangu ilikuwa asali yako!"

Hapo ndipo palipouma. Ndululu alisimama. Aliona jinsi wazee wote mle ndani walivyoanza kurudi nyuma kwa mawazo, harusi baada ya harusi, wakionja upya.

"Sijawahi kutia sukari kwenye asali," alisema. "Hata kijiko. Leteni kithitu niape hapa hapa."

Wanawake wawili walishika vifua. Kithitu ni kiapo cha kale. Ukikiapa kwa uongo, kinakumaliza wewe na uzao wako, na hakuna dawa. Watu walikiogopa siku za babu zao na wanakiogopa hata sasa, ijapokuwa Jumapili wanasema hawakijui.

"Mzee, wewe ni mzee wa kanisa," Nduku alisema.

"Basi leteni Biblia na kithitu, na sukari kilo moja juu yake. Nitaapia zote tatu."

"Hatutaapa hapa." Nduku alisubiri wakae. "Tutakutana tena soko lijalo. Kama hakuna maelezo, mzee atoke kikundini, na asali ya alama yake isiuzwe nasi tena. Mnunuzi akisikia pipa letu lina sukari, ametuacha wote." Kisha akamgeukia, na sauti ikashuka kidogo. "Yule daktari wa chuo aliyetupimia alisema jambo. Alisema mashine yake inajua sukari, haimjui aliyeitia. Ukitaka, atakuja aangalie mizinga."

"Aje kufanya nini? Mashine imeshanihukumu, sasa inataka kuja kula kuku wangu?"

Akatoka. Nyuma yake alisikia Mbaluka akiomba arudishiwe ndoo.

*

"Mwite," Wayua alisema jioni hiyo.

"Simwiti. Mimi nilirina asali kabla huyo daktari hajaota meno."

"Ndiyo sababu nakwambia umwite. Kama ni wizi, heri ushikwe na msomi kuliko na Mbaluka. Msomi atasema mara moja aende zake. Mbaluka ataimba mpaka mazishi yako."

Ndululu alikunywa chai yake. Ilikuwa chungu, nyuki walikuwa bado wanapewa haki yao.

"Na kama wamekosea?" aliuliza.

"Kama wamekosea, wakosee wakiwa hapa, niwaone."

Daktari alikuja siku mbili kabla ya mkutano, kwenye gari la chuo lililopakwa vumbi kiasi kwamba jina la chuo halikusomeka. Aliyeshuka alikuwa mwanamke kijana mwenye hijabu ya kijani, amebeba vazi la nyuki mkononi, akasalimia kwa Kikamba safi cha Mwingi.

"Wewe ni wa nani?" Ndululu alimuuliza, maana kwetu jina la mtu linaanzia kwa babake.

"Naitwa Bushra. Babangu ni Hassan, yule wa duka hapo Mwingi, karibu na stendi."

Uso wa Ndululu ulifunguka. "Hassan! Hassan wa sukari! Mimi ndiye mteja wake mkubwa. Kumbe ana msichana daktari, na hajawahi kunipunguzia bei?"

"Baba hapunguzii hata mimi."

"Huyo ni Hassan mwenyewe. Ingia, ingia. Mama Muindi, chinja kuku!"

"Tuone mizinga kwanza, baba," Bushra alisema. "Kuku nikishamla nitaogopa kusema ukweli."

Ndululu aliipenda hiyo, akaihifadhi aitumie siku nyingine.

Walitembea mpaka kwenye migunga. Alimwonyesha alama, akamsimulia babu. Bushra alivaa vazi, akapanda ngazi mwenyewe, akafungua mwatu mmoja, akatazama kwa muda mrefu. Alishuka na kipande cha sega. Ndululu, aliyekuwa amejiandaa kumwuliza lile swali la nasari, aliona mkono wake una alama za kuumwa zisizo na idadi, akaliacha.

"Nyuki wako ni wengi na wana afya," Bushra alisema. "Nimezunguka huku kote, makundi yaliyovuka ukame ni ya kuhesabu. Hawa walikula nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza hivyo. Mbaluka aliuliza umewafanyia nini, kwa wivu. Nduku alidai maelezo, kwa ajili ya pipa. Huyu aliuliza wamekula nini, kama mtu anayeuliza habari za watoto, na Ndululu akahisi kile kiburi alichokilea kimya kimya kwa misimu miwili kikisimama kinataka kutembea.

"Nikuambie siri?"

"Niambie."

"Usimwambie Mbaluka."

"Simjui."

"Una bahati." Akamshika mkono wa vazi, akamzungusha nyuma ya mgunga mkubwa. Sahani zilikuwa zimepangwa kivulini, zimejaa, na juu ya kila kokoto nyuki walisimama wakinywa kwa utulivu. "Uji wa nyuki," alisema. "Nimewalisha kwa mkono wangu, asubuhi kwa asubuhi, mama watoto akinywa chai chungu. Sukari ya babako hiyo! Kokoto ni za kusimamia. Hakuna aliyenifundisha. Nyinyi huko chuoni mnayo hii?"

Alingoja sifa. Bushra aliinama, akachovya kidole, akaonja.

"Mpaka lini, baba?" aliuliza.

"Mpaka lini nini?"

"Uliwapa mpaka lini? Uliacha migunga ilipochanua?"

"Kwa nini niache? Mgeni hafukuzwi mezani."

Bushra alikaa juu ya jiwe. "Baba, wakati wa njaa, mkiletewa unga wa msaada, mama huupika wote siku hiyo?"

"Apike wote ana wazimu? Anapika kidogo, mwingine anaweka. Hatujui kesho."

"Na nyuki ni watu wa Kitui."

Ndululu alitazama sahani. Kisha alitazama juu, kwenye mwatu wenye mistari miwili na duara, mahali ambapo nyuki mmoja aliyeshiba alikuwa anaingia na mzigo. Akamfuata mwingine. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa na upungufu mwingi, lakini ubishi dhidi ya macho yake haukuwa mmojawapo.

"Wameiweka," alisema.

"Wameiweka. Si asali mbaya kwa nyuki. Lakini si asali ya maua, na mtu akiinunua kama asali ya maua, amedanganywa."

"Amedanganywa na mimi."

"Na wewe."

Kuku mmoja huko bomani alipiga kelele za mwisho, Wayua akitimiza wajibu wake bila kusubiri hukumu.

"Msichana wa Hassan," Ndululu alianza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu mlango ulio wazi nusu. "Huwezi kusema mashine ilikosea? Mara moja tu. Mashine hukosea, hata trekta huzima. Msimu ujao nitaacha uji, asali itakuwa safi, na hakuna atakayeumia."

Bushra hakukasirika. Alikuwa amekulia dukani, alishaombwa mengi.

"Naweza kusema," alijibu. "Wataniamini, kwa sababu natoka chuoni. Lakini pipa la kina Nduku linauzwa Makueni kwa sababu hiyo hiyo: tulisema ni safi, mnunuzi akaamini. Siku nikisema uongo kwa ajili yako, ile safi yao nayo inakuwa maneno tu. Nitakachofanya ni hiki: nitakuja mkutanoni. Ukisema mwenyewe, nitathibitisha kwamba hukutia sukari kwenye asali. Usiposema, nitasema nilichokiona."

"Na kuku wangu utamla?"

"Nitamla."

"Una roho ya Hassan," Ndululu alisema, na kwa namna fulani hilo halikuwa tusi.

*

Siku ya mkutano stoo ilijaa mpaka nje. Mbaluka alikuja mapema akakaa mbele, kama mtu aliyenunua tiketi. Bushra aliketi kando ya Nduku. Nduku alifungua kwa maombi mafupi, akamwuliza Ndululu kama ana maelezo.

Ndululu alisimama. Alikuwa amepanga kuanza kwa mzaha kuhusu nasari, lakini ulipofika mdomoni alikuta hauna mtu wa kumchekesha ila yeye mwenyewe.

"Sukari ni yangu," alisema.

Mbaluka alipiga paja lake. "Nilisema!"

"Ngoja, Mbaluka, hata mchinjaji hungoja kisu. Sikuitia kwenye asali. Niliwapa nyuki, wao wakaitia." Akawaeleza yote: kikombe cha Wayua, sahani, kokoto, duka la Mwingi. Akawaeleza kwamba aliendelea hata maua yalipokuja, kwa kuwa hakujua nyuki huweka akiba ya wanachopewa. "Wanafunzi walikuja hapa kutufundisha. Mimi nikawavunjia somo, mkacheka. Wangemaliza, ningejua. Hiyo asali ya msimu huu si asali. Msiitie kwenye pipa. Za zamani, za ntheo zenu, zilikuwa za maua. Hilo ningeliapia."

Mzee mmoja aliyekaa mlangoni alitikisa kichwa polepole. "Na ungeapa kile kithitu siku ile," alisema, "ungeapa na ukapona."

"Ningepona," Ndululu alisema. "Kithitu kinaua mwongo. Mjinga kinamwacha aendelee kuuza."

Hapo hata Nduku alicheka, na hakusema sababu zake mbili zilikuwa zipi.

Alimwomba Bushra aseme. Bushra alithibitisha, kwa maneno machache. Kisha akaongeza kwamba kuwalisha nyuki wakati wa ukame si kosa, ndiko kulikowaokoa. Kosa ni kutoacha maua yanapokuja, na kurina kile kilichotokana na sukari. Masega yenye sukari waachiwe nyuki wenyewe wayale. Msimu wa maua ukipita bila uji, alete chupa tena, atampimia.

"Kwa hiyo nyuki wake hawakuhama sababu ya sahani tu?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Sababu ya sahani."

Minong'ono ilibadilika. Watu waliokuja kumtoa mtu walianza kumwuliza mambo. Maji kiasi gani, sukari kiasi gani, asubuhi au jioni. Bushra alijibu mengine, Ndululu akajibu mengine, na mahali fulani katikati Mbaluka alisikika akiuliza, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusikika, kama kokoto ziwe kubwa au ndogo.

"Kubwa kama kichwa chako," Ndululu alisema, "zisipungue."

Nduku alitoa uamuzi kabla watu hawajasahau walichokuja kufanya. Mzee anabaki. Asali yake ya msimu huu haitaingia kwenye pipa, hata ndoo moja, na mpaka chupa yake ipimwe tena, alama yake haitatajwa kwa mnunuzi. Hakuna aliyepinga, Ndululu akiwamo.

Lori la Mukuyuni lilikuja mchana. Pipa lilipakiwa, dogo kuliko miaka mingine yote, na hakuna tone la mistari miwili na duara ndani yake. Ndululu alisaidia kulisukuma. Dereva, asiyejua lolote, alimwuliza ile asali ya Ndululu iko wapi mwaka huu, maana watu wa kule huwa wanaiulizia.

"Iko shule," Ndululu alisema.

Alirudi nyumbani kutoka stoo amebeba begani ndoo ya kwanza ya asali yake iliyokataliwa. Nyingine zingefuata, pamoja na ile ya Mbaluka iliyokuwa imeombwa tena, safari hii kwa adabu. Wayua alikuwa ameinjika chai. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua ndoo, akachota kijiko kimoja, akakoroga kwenye kikombe chake, akanywa na kufumba macho.

"Kumbe," alisema, "sukari yangu ilikuwa safarini tu."